Hilo Neno "Tu"

Unax Lertxundi alipanda ngazi za karakana
fremu iko begani mwake kama majeruhi,
Sanglas ya mwaka sabini na tatu, rangi imebabuka,
na mkono wa pili sanduku la machungwa,
ndani yake uma wa mbele wa pikipiki ya mbio
iliyokatika vipande viwili nje ya Zaragoza.
Uma wenyewe wa rangi ya dhahabu, hauna mkwaruzo.
"Ni kuchomeka tu, Garbiñe."

Tu.
Hapa Eibar tuliunda bunduki, kisha baiskeli,
kisha cherehani, kisha tukaunda kufuli
za milango ya viwanda tulivyovifunga.
Miaka thelathini na nane nakereza chuma,
na kitu cha kuchomeka tu
bado hakijapanda ngazi zile.

Nikapima. Mhimili mpya mnene, shingo ya fremu nyembamba.
Mhimili mfupi, shingo ndefu, vimepishana
kwa upana wa kucha ya kidole gumba.
Gololi za kale kumi na tisa juu, kumi na nane chini;
moja ilikwisha toroka, Mungu ajua enzi ya nani.
Na uma ni mfupi: pua ikishuka hivyo
pikipiki itakata kona kabla mwenyewe hajanuia.
Unax akaitikia kwa kichwa, kama wafanyavyo
watu waliokwisha nunua.

Jumanne niliipasha moto nira ya chini
mpaka tone la mate likacheza juu yake,
nikaiweka chini ya jeki ya tani kumi.
Mhimili haukutaka.
Haukutaka. Kisha ukatoka kwa mlio mmoja,
kama mtu aliyekumbuka deni usiku.
Jumatano nikakereza mwingine, wa chuma kigumu,
maranda ya buluu yakajiviringa hadi viatuni,
nikinyoa, nikipima, nikinyoa,
maana kilichopunguzwa hakirudishwi.

Alhamisi ukaingia. Unax akaukandamiza:
ukazama, ukarudi taratibu,
kama mama mtu mzima anayeinuka kitini
bila kuomba mkono.
Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeona mstari.

Chini ya shingo, penye kiungo kilichochomelewa,
unywele mweusi ndani ya rangi.
Nikaufuta. Haukufutika.

Uma wa kale ulikuwa laini, ulipindapinda,
kila shimo la barabara ulilimeza wenyewe
na shingo haikuambiwa kitu.
Huu mpya haupindi wala haufichi siri:
utapokea pigo na kulikabidhi juu, zima.
Ukitia nguvu mahali, udhaifu haufi,
hufungasha virago ukahamia kwa jirani.
Najua. Tangu daktari wa Donostia
anitie nyonga ya titani
goti ndilo linalonikesha.

Nikamuuliza fremu ilikuwa ya nani.
Nilitegemea babu; wote husema babu.
"Nimeinunua Elgoibar," akasema.
"Ilikuwa imeziba pengo la zizi la kondoo."
Hapo nikampenda kidogo.

Basi, vibamba viwili vya pembetatu,
kama viraka vya kiwiko, nikavichomelea
upande huu na upande ule. Vibaya kwa macho.
Sikuvisugua. Atakayeuliza, aone paliposhonwa.

Injini ilirudi mahali pake mwezi Mei.
Mvua nyembamba, Unax akapanda kuelekea Arrate.
Nilisimama mlangoni nikihesabu kona kwa sikio:
ya kwanza alilegeza mafuta mapema,
ya pili kidogo,
ya tatu hakulegeza.

Alirudi amelowa mpaka meno, mikono ikitetemeka kwa raha.
"Mbele kama iko kwenye reli," akasema,
"ila sasa nyuma inacheza. Lakini nimeona mahali
shokapu za nyuma, mpya kabisa, ni kuchomeka..."

Nikainua kidole.
Akalimeza neno lake.
Nikaenda kutafuta kipimo.